Je, nambari ya Gibson ikikubali mtandaoni, gitaa ni halisi?

Hapana. Inamaanisha tu kwamba tarakimu zimepangwa inavyotakiwa.

Tangazo lenyewe utalitambua: Les Paul, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson ya Marekani, “imetumika kanisani tu”, shilingi 60,000, picha tatu, moja ikionyesha nyuma ya kichwa cha gitaa palipopigwa nambari. Les Paul mpya ya Gibson, toleo la Standard, huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 2,000, yaani zaidi ya robo milioni kabla ya usafiri na ushuru. Mnunuzi ana shaka, anaiandika nambari kwenye tovuti ya kusoma nambari za Gibson, na tovuti inamjibu: kiwanda cha Nashville, 23 Machi 1995. Shaka kwisha. Anatuma rubuni (malipo ya awali) kwa M-Pesa.

Hiyo tovuti haikufungua daftari lolote. Ilipiga hesabu. Kuanzia 1977 hadi 2005, magitaa mengi ya Gibson yalipigwa mhuri wa tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka huo, tatu za mwisho ni zamu ya gitaa hilo kati ya yaliyotengenezwa siku hiyo. Chukua 90825501. Tisa na tano: 1995. Sifuri-nane-mbili: siku ya 82, ambayo ni 23 Machi. 501 ni zamu. Sasa andika 90825502, uliyoitunga sasa hivi ukiwa kwenye matatu, na tovuti itakupa tarehe ile ile bila kusita.

Hata nambari ingekuwa ya gitaa la kweli kabisa, bado haitoshi. Ifikirie kama nambari ya gari. Mtu akinakili nambari ya Probox iliyoegeshwa Kasarani na kuibandika kwenye nyingine kule Rongai, ukiitafuta utaambiwa ipo, ni Probox, ni nyeupe. Yote kweli, ila kuhusu gari la Kasarani. Ndiyo maana mnunuzi makini hufungua boneti akasome chasi. Watengenezaji wa magitaa feki huchukua nambari moja nzuri na kuipiga kwenye magitaa mengi, kwa hiyo nambari inayokubali ndiyo hasa ya kutarajiwa kwenye feki iliyotengenezwa kwa bidii.

Nambari inaweza kumfunga muuzaji, haiwezi kumwachilia. Siku ya 412 haipo kwenye kalenda yoyote, basi nambari inayodai hivyo ina maswali ya kujibu. Lakini hata hapo usikimbilie kuhukumu: mwaka 1994 Gibson walitoa magitaa mengi yenye nambari zinazoanza na 94, zikifuatwa na zamu ya tarakimu sita bila siku yoyote. Na tangu katikati ya 2005 tarakimu zikawa tisa.

Jambo jingine linalochanganya watu ni Uchina. Epiphone, chapa ndogo ya Gibson yenyewe, hutengeneza magitaa yake mengi huko na kuyauza kwa jina lake; hayo si feki. Feki ni lile lililoandikwa “Gibson” mbele na “Made in U.S.A.” nyuma huku lote likiwa limetoka kwingine.

Basi fungua boneti. Kwenye kichwa cha Les Paul kuna kifuniko cheusi chenye umbo la kengele. Cha Gibson hufungwa kwa skrubu mbili, moja juu na moja chini. Feki nyingi zina tatu. Mtu ananakili mbao, rangi na saini, kisha anashindwa kuhesabu hadi mbili! Ila kifuniko hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo kifungue. Ndani, Gibson ina nati ya shaba inayozungushwa kwa spana ya boksi. Ukikuta tundu la ufunguo wa umbo la L, simama hapo. Shuka kwenye daraja linalobeba nyuzi: nguzo zake mbili ziwe nyembamba, zenye gurudumu dogo la kuzungusha kwa kidole. Nguzo nene zenye mfuo wa bisibisi bapa kichwani kwa kawaida ni za Epiphone au za feki.

Halafu mwombe muuzaji afungue kifuniko kilicho nyuma ya gitaa, upande wa vitufe vya sauti. Humo mna poti nne, vipuri vinavyozungushwa kurekebisha sauti, zile zile ambazo fundi yeyote wa redio Luthuli Avenue huzibadilisha kila siku. Za Gibson zina upana wa milimita 24 hivi, na za feki kwa kawaida ni vidude vya milimita 16. Mgongoni mwa poti za kampuni ya CTS, ambazo Gibson wamezitumia sana, hupigwa namba kama 1379447: 137 ni CTS, 94 ni mwaka, 47 ni wiki. Poti ya Novemba 1994 ndani ya gitaa la Machi 1995 ni sawa, ilikaa kwenye rafu miezi minne. Poti ya 1998 ni kama injini iliyoundwa baada ya gari: huenda ilibadilishwa, muulize lini na kwa nini.

Poti hununuliwa, lakini shingo ni kazi nyingine. Gibson huchonga shingo na kichwa kutoka kipande kimoja cha mahogani, kichwa kikiinamia nyuma kwa digrii 17, jambo linalokula mbao nyingi. Feki nyingi hubana matumizi: ubao hukatwa mshazari na kichwa kikagundishwa. Mulika tochi nyuma ya shingo, karibu na kichwa, utafute mstari ulionyooka unaokata nyuzi za mbao. (Mistari inayoenda na urefu wa shingo ni jambo tofauti, Gibson nyingi za miaka ya 1970 zina vipande vitatu.)

Cha kuchekesha ni kwamba kiungo hicho cha kubania kina nguvu zaidi. Kuchonga kichwa kilichoinama kutoka ubao mmoja ni kama kukata muwa kwa mshazari: nyuzi zinaishia njiani, na hapo ndipo panapokatika. Gibson halisi husifika kwa kuvunjika kichwa zikianguka. Kwa hiyo mstari ukiwa umepinda, una meno, na rangi yake imeguswa upya, huenda unaangalia gitaa halisi lililovunjika likagundishwa. Hapo mjadala si wa uhalisi tena, ni wa bei.

Na kama shingo imepakwa rangi nzito isiyoonyesha mbao, tochi haitakufaa. Rudi kwenye nati na poti, na rubuni ikae mfukoni hadi vyote viwili uvione kwa macho yako.