Ameanza kazi, dawa si aache sasa?

Kazi yenye uangalizi ni ipi?
Ni kazi halisi chini ya msimamizi anayejua hali ya mgonjwa wa akili: saa chache, mapumziko, ujira, na mtu wa kugundua mapema mambo yakianza kwenda mrama. Bustani, kuku, ushonaji, sabuni. Pale Vikuruti, kijiji cha utengemao (cha kuwarudisha wagonjwa kwenye maisha ya kawaida) chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, wagonjwa waliopata nafuu hulima.

Inasaidia nini?
Dawa hutuliza sauti anazosikia. Haimfundishi tena kuamka, kuoga, kutimiza ahadi na kukaa na watu. Kazi hufanya hayo.

Kijana wetu anachapa kazi vizuri. Dawa si aache?
Hapana. Anachapa kazi kwa sababu anameza dawa. Kliniki tunaliona hili kila mara: kibarua kinapatikana, mjomba anatangaza "huyu kapona", kadi ya kliniki inatupwa kabatini. Baadaye kijana analetwa amefungwa kamba, na kibarua kimeshaota mbawa.

Hata kama hana dalili yoyote?
Hata kama hana! Dalili zimetulia kwa sababu ya hiyo dawa. Kwa saikosisi (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo), Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee kwa miezi mingi, hata mwaka mzima, baada ya dalili kuisha. Wengine huhitaji zaidi. Wa kupunguza ni daktari. Si mjomba, si mchungaji, si mwajiri.

Lakini anasinzia kazini.
Basi mrudisheni kliniki, msimwachishe. Dozi inaweza kuhamishiwa usiku, dawa ikabadilishwa, au akapewa sindano ya kila wiki 2 hadi 4. Anayetumia klopromazini, mojawapo ya dawa hizi, avae kofia na mikono mirefu shambani, maana ngozi huungua upesi juani.

Kwetu hakuna kituo cha kazi yenye uangalizi.
Anzeni nyumbani na kazi ndogo, muda uleule kila siku, mwongeze polepole. Ila kumchotesha maji ya mtaa mzima kwa sahani ya ugali si tiba, ni kumtumikisha. Mpeni ujira wake mkononi.

Lini tukimbilie hospitali?
Akikosa usingizi usiku mbili mfululizo, akianza kumshuku msimamizi au kujibizana na asiyeonekana. Mleteni siku hiyohiyo, si baada ya mavuno wala baada ya kupita kwa mganga. Akitaka kujidhuru au kudhuru mtu, msingoje hata saa moja. Mje na kadi na vidonge vilivyobaki, tutavihesabu.