Mbona sifuri ya transmita ni 4 mA na sio 0?

Transmita ni kile kifaa kinachopima kitu, mfano kina cha maji, kisha kinatuma kipimo kwa waya kama mkondo wa umeme: 4 mA (miliampia) ni 0%, 20 mA ni 100%. Vijana wanaoanza kazi ya instrumenti, yaani vifaa vya kupimia, karibu wote wananiuliza hivi, mbona 4-20, si wangeanzia tu 0 hesabu iwe rahisi? Mimi mwenyewe jibu lilinikaa kichwani usiku mmoja nilipoitwa kwenye tangi la maji la kiwanda nilichokuwa nafanya kazi.

Opereta anaona 20% kwenye skrini, pampu inavuta tu, kumbe tangi kavu kabisa mpaka sili ya pampu ikaungua. Nikafungua waya mmoja nikapitisha mita katikati, ikasoma 4.00 mA. Transmita haina kosa lolote, kadi ya PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) inayopokea huo mkondo ndo ilikuwa imesetiwa 0-20, kwa hiyo ile 4 inaihesabu kama 20%. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba tangi likijaa linasoma 100% sawasawa kabisa, aliyetest kwa kulijaza aliona kila kitu kiko poa. Likiwa nusu, yaani 12 mA, skrini inakwambia 60%.

Sasa hiyo 4. Zamani viwanda vilituma kipimo kwa presha ya hewa kwenye bomba, 3 mpaka 15 psi (kipimo cha presha), na 3 ni moja ya tano ya 15 kama vile 4 ilivyo kwa 20. Bomba likipasuka presha inaenda 0, fundi anajua hapa kuna tatizo. Kwenye waya ni hivyohivyo, ukikatika unapata 0 mA, na ingekuwa 0-20 basi tangi tupu na waya uliokatika vingefanana. Halafu transmita ya waya mbili haina saplai nyingine, inaishi kwa huohuo mkondo wa chini ya 4. Marekani waliiandika kwenye kiwango cha ISA S50.1, kikaja cha kimataifa IEC 60381-1, kisha NAMUR, chama cha watumiaji wa vifaa hivi cha Ujerumani, na NE 43 yao wakasema kipimo kiwe 3.8 mpaka 20.5, ukiona 3.6 kushuka au 21 kupanda hiyo ni hitilafu.

Tunatuma mkondo na sio volti kwa sababu mkondo ni uleule lupu nzima (mzunguko wote wa waya kutoka saplai mpaka transmita na kadi) hata kebo iwe ndefu, ilimradi volti zitoshe. Saplai 24 V, transmita inataka labda 12, zimebaki 12, gawanya kwa 0.020 (yaani 20 mA kwa ampia) unapata omu 600. Rezista ya kadi ya omu 250 ikichukua chake bado una 350, na kebo ya 1.5 mm² kwenda na kurudi ni kama omu 25 tu kwa kilomita, kwa hiyo umbali mara nyingi sio tatizo, tatizo ni terminali zenye kutu na watu kuongeza indiketa (kiskrini cha kusomea) humohumo kwenye lupu bila kupiga hesabu.

Ukikabidhiwa lupu mpya usitest kwenye 100% peke yake. Ingiza 4, 8, 12, 16, 20 mA uone 0, 25, 50, 75, 100 kwenye skrini, kisha shusha mpaka 3.5 usikilize kama alamu inalia.