Je, wajua kwa nini mbegu ya tungule uliyoikausha mwenyewe haizai kama mama yake?

Mwaka jana shangazi yangu, mwenye konde nje kidogo ya Wete, Pemba, alinunua kopo la mbegu za tungule kwenye duka la pembejeo. Zikatoka tungule za kupendeza, nene, ngozi ngumu, zote saizi moja, na zikafika sokoni Chake Chake bila kupasuka. Akachagua zile kubwa kubwa, akakamua mbegu, akakausha, na mwaka huu akaatika. Nilipokwenda kumtazama alinishika mkono akanipitisha tuta baada ya tuta. Mche mmoja umefika kifuani, jirani yake umedumaa. Huu una tungule ndogo kama gololi, ule zimechongoka, mwengine umenyauka hata kabla ya kutia ua.

"Ndizo hizo GMO, mwanangu," akaniambia. "Zimefungwa zisizae."

Hasira yake ina haki, lakini jina alilolitaja silo. Kopo lile tupu bado alikuwa nalo, anawekea chumvi. Pembeni, kwa maandishi madogo, limeandikwa F1. Maana yake ni mbegu chotara ya kizazi cha kwanza. Mzalishaji huchukua koo mbili za tungule, kila ukoo umetunzwa miaka mingi mpaka umetulia, na mara nyingi huzichavusha kwa mkono, ua kwa ua. Watoto wa ndoa hiyo hufanana wote, na huwa na nguvu kuliko wazazi. Lakini mbegu zilizo ndani ya tungule za watoto hao ni wajukuu, na kwa wajukuu sifa za bibi na babu huchanganywa upya kama karata. Mmoja hurithi urefu, mwengine udhaifu wa ugonjwa. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea, aliueleza mchezo huu mwaka 1866 kwa njegere, na haujabadilika.

Hakuna aliyeifunga mbegu ya shangazi. Ila wale wazazi wawili hawauzwi, kampuni hubaki nao. Ukizitaka tena tungule zilezile, huna budi kurudi dukani kila msimu.

GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa jeni, ni jambo jengine. Hapo mtaalamu huingiza jeni maabara, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kisichoweza kuzaana na mmea huo. Mmea wa mahindi ya Bt, kwa mfano, umepewa jeni ya bakteria wa udongoni ili kiwavi akiutafuna afe. Tungule ya namna hiyo, Flavr Savr, iliuzwa Marekani mwaka 1994 na haikudumu sokoni. Tanzania haijaruhusu mbegu ya GMO kulimwa kibiashara. Majaribio ya mahindi yaliyokuwa Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa na Serikali Novemba 2018.

Kinachonishangaza mimi ni hiki: soya ya GMO ukiirudisha shambani huota na kuzaa vizuri, kwa sababu si chotara na hujichavusha yenyewe. Kinachokuzuia ni sheria. Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, alinunua soya mchanganyiko ya ghalani, akaipanda, akapiga dawa ya magugu, na mimea iliyosalimika, yenye jeni ya Monsanto ya kustahimili dawa hiyo, akaihifadhi mbegu yake. Kampuni ya Monsanto ilimshitaki kwa kukiuka hataza yake, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi. Mwaka 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimwona ana makosa, na fidia ilizidi dola 84,000. Miaka mitano baadaye Bayer iliinunua Monsanto, na leo kampuni nne tu zinashika zaidi ya nusu ya biashara ya mbegu duniani. Mbegu ya kujiua yenyewe, ile aliyoidhania shangazi, ilipewa hataza mwaka 1998 lakini haikuwahi kuuzwa.

Sisi wa Pemba twajua zao lenye mlango mmoja. Karafuu, kwa sheria, huuzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, peke yake. Lakini mlango huo uko mwisho wa kazi, baada ya kuchuma na kuanika. Mlango wa mbegu uko mwanzo, kabla hujapiga jembe.

Na lebo ya chakula cha GMO je? Ulaya, tangu 2004, mafuta yaliyotokana na soya ya GMO lazima yaandikwe hivyo, hata kama ndani yake hakuna tena chembe ya jeni. Marekani ilianza kulazimisha lebo mwaka 2022, lakini mafuta yaliyosafishwa mpaka jeni haionekani yalisamehewa. Chupa ileile ilisema huku na ikanyamaza kule. Mimi naunga mkono lebo: anayekula ana haki ya kujua. Hata hivyo lebo ya chakula haimwambii mkulima nani mwenye mbegu. Na Zanzibar imekuwa na sheria yake ya haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea tangu 2014, inayompa mzalishaji haki ya pekee ya kuizalisha na kuiuza aina yake.

Mfano ulio karibu nasi wa mbegu isiyokulazimisha kurudi dukani ni mpunga wa Supa BC. Watafiti wa Zanzibar waliupata kwa kuipiga mbegu miale, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Wengi wakisikia miale hushituka, lakini hauitwi GMO kwa kuwa hakuna jeni ya kigeni iliyotiwa. Na kwa kuwa mpunga huu si chotara na hujichavusha, mbegu ya bondeni kwako huzaa sawa na ya jana.

Kwa tungule nazo ziko aina zisizo chotara, ambazo mbegu yake hurudiwa, kama Tanya na Tengeru 97. Shangazi sasa amepata Tanya. Hukamulia mbegu kwenye kikombe, huziacha siku mbili mpaka ute uchache na uachie, kisha huziosha. Zinazoelea huzimwaga, zilizozama huzianika kivulini juu ya kanga kuukuu. Kwenye kopo lile la F1 chumvi haimo tena. Amelijaza mbegu zake na jivu kidogo, na pembeni ameandika kwa mkaa: Tanya.