Je, wajua kwa nini kujaza glasi humtatiza Mkorea anayejifunza Kiingereza?

Mkorea anayejifunza Kiingereza akitaka kusema amejaza maji kwenye glasi, huenda akasema "I filled water into the glass". Mwingereza atamwelewa, ila sikio lake litakataa. Kwake, kinachojazwa ni glasi: "I filled the glass with water".

Mkorea hakubahatisha. Kitenzi chao cha kujaza, chaeuda, hukubali njia zote mbili: "mul-eul jan-e chaeuda", kujaza maji kwenye glasi, na "jan-eul mul-lo chaeuda", kujaza glasi kwa maji. Tazama hicho kijisehemu eul. Mara kimeshika maji (mul), mara kimeshika glasi (jan), na chenyewe ndicho kinachoonyesha kitu kinachotendwa. Sisi Waswahili tuko upande wake kabisa: "jaza maji kwenye ndoo" na "jaza ndoo maji", hakuna anayeshtuka.

Kiingereza nacho kina vitenzi vya kugeuzwa hivyo. Kwa "spray" unaweza kupulizia rangi ukutani au kupulizia ukuta rangi, ila ya pili hudokeza kwamba rangi imeenea ukuta mzima. Mwaka 2001 Robert Bley-Vroman na Hye-Ri Joo walichapisha utafiti kuhusu Wakorea wanaojifunza Kiingereza, na kumbe tofauti hiyo nyembamba ya maana wanaihisi. Kinachowaponyoka ni kujua kitenzi kipi kinakataa kugeuzwa.

Na nani atawaambia? Mwanafunzi husikia yale yanayosemwa tu. Hata akisikia "fill the glass" mara elfu, hakuna kinachomjulisha kwamba ile njia nyingine imefungwa. Watoto wa Kiingereza wenyewe hukosea hivyohivyo wakiwa wadogo. Kuongeza njia mpya ni rahisi, maana utaisikia. Kuacha njia uliyozaliwa nayo ndiko kugumu, na kwa maoni yangu ni uonevu kuliita kosa hilo uzembe.

Msaada upo kwenye maana ya kitenzi chenyewe. "Pour", kumimina, hueleza maji yanavyokwenda, ndiyo maana hufuatwa na maji, na hapo Kikorea na Kiingereza vinakubaliana. "Fill" haijali maji yalifikaje. Hueleza hali ya glasi mwishoni. Ukitiririsha maji kidogo tu umeshamimina, lakini glasi bado inasubiri kujazwa.