Pesa hununua ruhusa ya kukosea

Kazi yangu ni kusoma hesabu za vilabu vya mpira. Watu wakisikia hivyo hupiga miayo, nami nimejifunza kuwaamsha kwa kisa kimoja: msimu wa 2023/24 Nottingham Forest walikatwa pointi 4 katika Ligi Kuu ya Uingereza, na sehemu kubwa ya kesi ilihusu mchezaji waliyemuuza kwa bei nzuri.

Mchezaji mwenyewe ni Brennan Johnson, mshambuliaji aliyelelewa na klabu hiyo tangu utotoni. Kanuni za ligi ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, lakini hiyo ni kwa klabu iliyokaa Ligi Kuu miaka yote mitatu. Forest walikuwa wamepanda daraja mwaka 2022, kwa hiyo kiwango chao kilikuwa 13 kwa mwaka mmoja wa daraja la chini, 13 kwa mwaka mwingine, na 35 kwa mwaka wa Ligi Kuu. Jumla, milioni 61. Walivuka kwa milioni 34.5.

Vitabu vya hesabu vilifungwa tarehe 30 Juni 2023. Kabla ya hapo kulikuwa na ofa za kumnunua Johnson, ila Forest waliona ni ndogo, wakasubiri. Tarehe 1 Septemba, siku dirisha la usajili linafungwa, Tottenham walimchukua kwa pauni milioni 47.5. Kwa vile ni kijana wa akademi, karibu hela yote ingehesabiwa faida. Bei hiyohiyo mwezi Juni ingeziba shimo lote na chenji ikabaki. Kwa kuchelewa miezi miwili, ikaingia kwenye hesabu za mwaka uliofuata.

Jopo lililosikiliza kesi halikukubali utetezi wao, na mimi sililaumu. Tarehe ni tarehe. Kinachonikera ni ile 61 dhidi ya 105. Klabu iliyopanda daraja ndiyo yenye haja kubwa kuliko zote ya kununua. Forest walisajili wachezaji zaidi ya 20 katika dirisha moja la 2022 kwa sababu kikosi cha daraja la chini hakitoshi huko juu. Halafu hiyohiyo ndiyo inayopewa nafasi finyu zaidi ya kukosea.

Neno ni hilo, kukosea. Mashabiki wengi wanaamini pesa hununua makombe. Baada ya miaka ya kukodolea macho mizania za vilabu, naona hununua kitu kingine kwanza: ruhusa ya kukosea bila kuadhibiwa.

Tazama msimu wa 2024/25. Manchester United, klabu yenye mapato makubwa kuliko karibu zote duniani, ilimaliza nafasi ya 15. Tottenham ikawa ya 17 kwa pointi 38. Kwa hesabu za kawaida hiyo ni aibu ya kushusha daraja, au angalau ya kukosesha watu usingizi mwezi wa nne. Lakini timu tatu zilizokuwa zimepanda, Leicester, Ipswich na Southampton, zilishuka zote tatu kwa pointi 25, 22 na 12. Msimu mmoja kabla yake, tatu zilizopanda pia zilishuka zote. Chini ya matajiri waliovurunda palikuwa na godoro nene. Na juu ya yote, Tottenham na United walikutana fainali ya Ligi ya Europa, Tottenham wakashinda 1-0 na kuingia Ligi ya Mabingwa, pale zilipo pesa nyingi zaidi. Mfungaji wa bao? Brennan Johnson.

Nikitaka kukisia msimamo wa ligi, sianzi na ada za usajili ambazo magazeti hupenda kuzipigia kelele. Nafungua ukurasa wa mishahara. Ada ya usajili ni dau la siku moja. Mchezaji wa milioni 80 anaweza kugeuka mzigo, na aliyekuja bure akawa nahodha. Mshahara ndio bei ambayo soko zima limekubaliana kuhusu uwezo wa mtu, na hurekebishwa kila mkataba unapofanywa upya. Panga vilabu kwa mishahara, weka pembeni wastani wa nafasi zao kwa miaka kumi, na orodha hizo mbili zitafanana kama mapacha. Mechi moja inaweza kukudanganya, maana mpira una mabao machache na shuti moja lililogonga beki linaamua kila kitu. Mechi 38 hazidanganyi sana.

Tofauti yenyewe huonekana dakika ya 65, miguu inapokuwa mizito. Kocha wa timu ndogo anageuka, anaona kijana wa miaka 19 na mkongwe anayetoka majeruhi. Mwenzake anageuka na kuona wachezaji watano ambao wangeanza katika timu nyingine yoyote. Ndiyo maana, sheria ya kubadili wachezaji watano ilipoletwa mwaka 2020, vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza viliipigia kura ya hapana zaidi ya mara moja kwa msimu wa 2020/21, na haikuingia kwa kudumu hadi msimu wa 2022/23. Ilisemwa ni suala la afya ya wachezaji, na kweli ni la afya. Wenye benchi jembamba walijua pia hesabu yake.

Haya hayakuanza na wamiliki wenye pesa za mafuta wala mabilionea. Hadi 1961 mchezaji nchini Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, jambo la kinyonyaji kwa kweli, ila liliwazuia matajiri kuwakusanya wote. Hadi 1983 timu mgeni ilipata sehemu ya mapato ya mlangoni. Baada ya hapo mwenyeji akabeba zote, na mwenye uwanja mkubwa akaanza kukimbia. Mwaka 1992 vilabu vya daraja la juu vikajitenga na kuunda Ligi Kuu ili hela za televisheni zisigawanywe hadi chini kama zamani.

Kisha ikaja Desemba 1995. Mahakama ya Ulaya ilimpa haki Jean-Marc Bosman, Mbelgiji ambaye klabu yake ilimzuia kuondoka hata mkataba ulipokwisha. Alikuwa na haki, na siwezi kusema vinginevyo. Mtu si ng'ombe. Lakini angalia kilichowapata Ajax. Mei mwaka huohuo walikuwa mabingwa wa Ulaya kwa kuwafunga Milan 1-0, wengi wao vijana wa akademi yao. Edgar Davids na Michael Reiziger wakaondoka bure mwaka 1996, na Patrick Kluivert, aliyefunga bao la fainali akiwa na miaka 18, akaondoka bure mwaka 1997. Wote watatu walienda wapi? Milan. Ajax hawajacheza fainali ya mashindano hayo tangu 1996. Kuanzia 2005 hadi 2024 bingwa wa Ulaya alitoka Hispania, Uingereza, Italia au Ujerumani tu, hadi PSG ya Ufaransa, inayomilikiwa na Qatar, ilipopenya mwaka 2025.

Watu hulalamikia sana ligi kubwa, ila uharibifu mbaya zaidi nauona katika ligi ndogo. Ludogorets wa Razgrad, mji mdogo wa Bulgaria, walipanda daraja mwaka 2011 na kuchukua ubingwa msimu wao wa kwanza kabisa. Hadithi tamu. Kisha wakachukua tena, na tena, hadi mara 14 mfululizo kufikia 2025. Hela za UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, zinazomwangukia bingwa wa nchi kama hiyo huweza kupita bajeti nzima ya mpinzani wake, kwa hiyo ubingwa mmoja unagharamia unaofuata. Salzburg wa Austria walifanya hivyo miaka kumi, 2014 hadi 2023. Mwenye nacho huongezewa, na hapa anayeongeza ni shirikisho lenyewe, tena kwa jina la kusaidia.

Sasa, kanuni za matumizi. UEFA ilipozileta mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilipambwa kwa neno haki. Lengo lake halisi lilikuwa vilabu visifilisike, na kwa hilo zimesaidia. Kwa ushindani ni habari nyingine. Kanuni ya sasa ya UEFA inasema mishahara ya wachezaji na kocha, gharama za usajili na malipo ya mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato. Tuchukue mfano: klabu ya yuro milioni 700 inaruhusiwa kutumia 490. Klabu ya milioni 100 inaruhusiwa 70. Ni kama kuwaambia wakimbiaji wawili wasizidi kasi waliyoanza nayo, mmoja akiwa mita mia mbele. Aliyejitajirisha kabla kanuni hazijaja amejifungia ndani na ufunguo.

Na wenye wahasibu wazuri hupata upenyo. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabu vinasoma gharama ya milioni 20 kila mwaka. Ukimpa miaka minane, inashuka hadi 12.5. Chelsea waliutumia mwanya huo walipompa Enzo Fernández na Mykhailo Mudryk mikataba ya miaka minane na nusu mapema 2023, hadi UEFA ikaweka ukomo wa miaka mitano katika kuhesabu. Upande wa pili wa sarafu unaniuma zaidi kama shabiki. Mchezaji wa akademi hana gharama ya kununuliwa vitabuni, kwa hiyo akiuzwa, bei yake yote ni faida papo hapo. Kanuni zinamwambia mkurugenzi auze watoto wa nyumbani kwanza. Mason Mount aliondoka Chelsea hivyo mwaka 2023, Conor Gallagher mwaka 2024, na Johnson wa Forest ndiye tuliyeanza naye.

Niulize basi nini kinasaidia, nitakujibu mgawo. Ukomo wa matumizi ni jambo la pili. Hispania hadi miaka ya katikati ya 2010 kila klabu ilijiuzia haki zake za televisheni, na Real Madrid na Barcelona zilikuwa zikibeba fungu la simba. Serikali ikaingilia kwa sheria mwaka 2015, haki zikauzwa kwa pamoja, pengo likapungua. Halikufutika, lakini timu za katikati zilianza kulipa mishahara kwa wakati, na kwa mtu wa fani yangu hiyo si habari ndogo. Uingereza hugawa nusu ya hela za matangazo ya ndani sawasawa kwa timu zote 20, ndiyo maana klabu ya mkiani pale inaweza kumshawishi mchezaji wa klabu kubwa ya nchi nyingine.

Umiliki peke yake haujafua dafu. Ujerumani wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi, utaratibu ninaoupenda, na bado Bayern walitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023. Aliyewakatiza, Leverkusen wa 2024, ni mmoja wa wachache walioruhusiwa kutofuata utaratibu huo. Inamilikiwa na kampuni ya dawa ya Bayer. Ukomo wa mishahara wa Kimarekani, ambako vilabu hutesa kwa zamu, una sharti ambalo watu husahau kulitaja: hakuna anayeshuka daraja. Waanzilishi wa ile Super League ya Aprili 2021, ligi ya vilabu vikubwa vya Ulaya iliyotangazwa na vilabu vyenyewe, walitaka nusu hiyo tu, nafasi za uhakika kwa vigogo 15, na mradi ukaporomoka ndani ya siku chache.

Kila nikiandika haya huletewa Leicester. Bingwa wa 2016, aliyepewa na kampuni za kubashiri nafasi moja kati ya 5,000. Sawa, nilifurahi kama kila mtu. Lakini endelea kufunua kurasa. Kwa miaka kadhaa walinunua kwa akili na kuuza kwa bei, kisha wakakosea kidogo: mikataba iliyoachwa ikafika ukingoni, sajili mbili tatu zilizobuma, msimu mmoja nje ya mashindano ya Ulaya. Wakashuka 2023. Wakapanda 2024, wakashuka tena 2025, nafasi tatu tu chini ya Manchester United, waliokuwa wamekosea kwa zaidi ya muongo mzima.