Shamba la Miti Likiuzwa au Kurithiwa: Yanayopaswa Kufuatwa

Mashamba ya misindano (paina) na milingoti (mikaratusi) yanauzwa kila uchao Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, na malalamiko yanayoletwa ofisini yanafanana. Mnunuzi ana karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti wa kitongoji, pesa ameshalipa, na mtu mwingine anakata miti ileile.

Kitongoji hakina mamlaka ya kuidhinisha mauzo ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwenye mamlaka hayo ni Halmashauri ya Kijiji. Ombi hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, hujadiliwa kikaoni, na uamuzi huandikwa kwenye muhtasari. Chukua nakala yake yenye mhuri na uitunze. Mauzo yasiyoidhinishwa ni batili, hata mashahidi wawe kumi. Kama ipo hati ya hakimiliki ya kimila, irudishwe masjala ya ardhi ya kijiji ili jina libadilishwe kwenye daftari, maana kukabidhiana hati mkononi hakuhamishi umiliki. Mwenza wa ndoa naye aridhie kwa maandishi.

Wapo wanaouza miti ikiwa imesimama, ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Ni halali, lakini mkataba utaje mipaka, aina na umri wa miti, njia ya gari, tarehe ya mwisho ya kuvuna, na machipukizi ni ya nani. Msindano ukikatwa umekwisha. Mlingoti huchipua kwenye kisiki, na baada ya miaka michache pande zote mbili zinadai nguzo zilezile. Sentensi moja kwenye mkataba ingemaliza ugomvi huo mapema.

Mirathi ndiyo inayoharibu misitu mingi kimyakimya. Ekari kumi zikigawanywa kwa warithi watano, kila mmoja hubaki na ekari mbili na mpango wake. Mmoja anabanwa na ada za shule, anavuna misindano ya miaka tisa, na mbao zinatoka nyembamba, zinapinda zikikauka. Miti ya nduguye iliyokuwa imekingwa katikati sasa iko pembeni, na upepo unaiangusha. Wa tatu anaishi Dar es Salaam, hafyeki mpaka wala hapogolei matawi ya chini. Moto ukiingia kwake unapanda hadi juu na kuwavukia wote. Tunashauri warithi wagawane mavuno, ardhi ibaki shamba moja lenye barabara za moto (njia zilizofyekwa kuzuia moto) za pamoja na mpango mmoja wa kuvuna.

Sasa lile la "nimenunua, ni changu". Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Ulichonunua ni haki ya kuitumia kwa masharti. Mninga au mvule ulioukuta shambani ni mti uliohifadhiwa kisheria, hauukati bila kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na milingoti iliyopandwa kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mwenye shamba wa zamani inakuwa tatizo lako. Kagua kabla ya kulipa. Msitu wa hifadhi wa kijiji hauuzwi na kiongozi yeyote, hata kipande.

Kwa vijiji vinavyoombwa ardhi na wawekezaji: ardhi ikihamishwa kuwa ya jumla, yaani inayosimamiwa na Serikali Kuu, haiko tena mikononi mwa kijiji, na mwekezaji akishindwa hairudi yenyewe. Mkutano Mkuu wa Kijiji huamua maeneo yasiyozidi hekta 250. Yanayozidi hapo huamuliwa na Waziri, baada ya mkutano kutoa mapendekezo yake. Ulizeni msitu wa asili uliomo utafanywa nini kabla ya kunyoosha mikono.

Wakati wa kuvuna, onyesha uthibitisho wa umiliki kwa afisa misitu ili mazao yapimwe na upewe hati ya kusafirishia. Lori likikamatwa kizuizini bila hati hiyo, maelezo kwamba mbao zimetoka shambani kwako hayatalinusuru. Mbao na gari vyote vinaweza kutaifishwa.