Lori Limeongezwa Nguvu, Linakufa Mlimani: Tunayoamini Gereji na Ukweli Wake

Lori likishafungwa tabo kubwa ya kusukumia hewa na nozeli kubwa za kupulizia dizeli kwenye injini, programu ya injini ikabadilishwa, halafu likaanza kukosa nguvu likipanda mlima wa Pugu na mzigo, neno la kwanza utakalosikia kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam ni "pampu imekufa". Neno hilo linawagharimu wenye malori mamilioni ya shilingi. Nimeona pampu ikishushwa, mwenye gari akaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kutafuta nyingine, ikafungwa, na lori likafia palepale lilipofia jana. Ubovu ulikuwa kwenye kipande cha mpira nyuma ya tanki.

Dhana: presha ikishuka, pampu kubwa ndiyo mbovu.

Mfumo wa dizeli una pande mbili. Upande wa chini unaanza kwenye chujio la ndani ya tanki, unapita kwenye paipu, filta na fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki. Huku presha ni ndogo, bar chache tu, na sehemu nyingine hakuna presha kabisa bali mnyonyo. Upande wa juu ni wa pampu kubwa, reli na nozeli. Kwenye injini ya komoni reli, yaani yenye reli moja (bomba nene la presha) inayolisha nozeli zote, upande huu huwa na bar 300 hivi gari likiwa limewashwa bila kukanyagwa, na hufika bar 1,600 au zaidi likibeba mzigo.

Pampu kubwa haizalishi mafuta. Inakandamiza yale iliyoletewa. Ukiongeza nguvu umeongeza kiu ya injini, ilhali paipu ya tanki ni ileile ya kiwandani, iliyopimwa kwa injini ya kawaida. Tena dizeli ndiyo inayoipoza pampu na kuilainisha. Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu kwenye pikapu za Dodge zenye injini ya Cummins 5.9 za mwaka 1998 hadi 2002: fidi pampu ilichoka kimyakimya, na pampu kubwa ya VP44 ikafuata. Ukifunga pampu mpya huku njaa ikibaki, umeichimbia kaburi kama la mwenzake.

Dhana: kungekuwa na tundu, dizeli ingedondoka chini.

Hii ndiyo inayowapoteza hata mafundi wazuri. Kutoka kwenye tanki hadi fidi pampu, mafuta yanavutwa. Fikiria unakunywa dafu kwa mrija uliopasuka kidogo juu: maji hayamwagiki, wewe unameza hewa. Paipu ya mafuta ni hivyohivyo. Chini pakavu kabisa, lakini injini inavuta hewa.

Dalili zake zinajulikana. Asubuhi lori linasumbua kuwaka kwa sababu usiku dizeli imerudi kwenye tanki. Njiani linakohoa, kisha linatulia. Na kuna hali moja ya kuangalia sana: lori ni zima tanki likijaa, linaanza kuchoka mafuta yakipungua. Hapo usipoteze muda mbele, fungua tanki utazame bomba la kunyonyea. Huenda limepasuka juu, na mafuta yakishuka chini ya ufa linavuta hewa.

Kupima ni rahisi. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ule unaovumilia dizeli, kabla ya fidi pampu. Washa, kanyaga, tazama. Mapovu machache baada ya kubadilisha filta ni kawaida, yataisha. Yasipoisha, hewa inaingia nyuma ya hapo. Kisha inyweshe injini kutoka kwenye dumu safi lenye dizeli safi, mbali na ekzosi. Ikipona, ubovu uko kati ya tanki na hapo ulipounganisha. Kagua oringi ya filta, klampu, na hasa kila mahali ambapo mtu aliwahi kukata paipu ili aongeze chujio la maji.

Dhana: tumepima gereji, geji imekaa vizuri.

Imekaa vizuri kwa sababu injini haijaomba kitu. Lori lililoongezwa nguvu linapimwa likiwa kazini: gia nzito, mzigo mgongoni, mguu chini. Tumia geji ya umeme yenye senso kwenye injini na waya tu unaoingia kabini. Usiingize mpira wa dizeli ndani ya kabini kamwe. Mimi napenda kupima sehemu mbili, kabla ya filta inayofuata fidi pampu na baada yake. Ya kwanza ikibaki juu na ya pili ikianguka, filta imeziba au ni ndogo kwa injini hiyo, hata kama ulinunua jana. Zikianguka pamoja, rudi nyuma: fidi pampu, paipu, chujio la tanki.

Jaribu pia kulegeza mfuniko wa tanki. Ukisikia linavuta pumzi, tundu la hewa limeziba.

Dhana: kompyuta imesema ni reli.

Msimbo P0087 unasema presha ya reli iko chini ya inayotakiwa, basi. Hautaji mkosaji. Linganisha presha inayoombwa na inayopatikana gari likiwa mwendoni, ndipo uchague pa kuanzia.

Dhana: ni mafuta ya kuchakachua.

Kisa hiki kina historia. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambua mafuta) mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusilipe. Mafuta ya taa hulainisha kidogo kuliko dizeli, kwa hiyo huila pampu polepole. Lakini lori linalokufa mlimani na kufufuka tambarare linaonyesha njia iliyobana au pampu isiyotosha. Humu mjini mimi naogopa zaidi maji na kutu ya tanki linalolala nusu kwenye unyevu wa pwani.

Dhana: funga fidi pampu kubwa ya umeme, yataisha.

Pima kwanza volti kwenye pampu yenyewe ikifanya kazi. Waya mwembamba au rilei (swichi ya umeme) iliyoungua huifanya pampu nzuri ionekane mbovu. Na presha ikizidi kiwango cha pampu kubwa, sili zake zinaumia.

Dhana: legeza paipu ya reli uone kama mafuta yanafika.

Tafadhali usifanye hivyo injini ikizunguka. Ni desturi tuliyoirithi kutoka kwenye injini za zamani, na kwenye komoni reli inaua mkono. Kama unashuku nozeli, zima injini, fungua mipira yao ya kurudishia mafuta, kila mmoja uingie kwenye chupa yake, kisha washa. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake imekuonyesha nozeli inayopoteza presha. Dizeli ikishampenya mtu ngozi, kidonda huwa kama cha sindano na mwanzoni hakiumi sana. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyohiyo, na mwambieni daktari waziwazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha.